Chai: Kuinunua, Kuiweka na Kuipika Bila Kumdhuru Mtoto

Leo sianzi na ugonjwa. Naanza na kitu ambacho kiko jikoni kwako sasa hivi, na pengine kimo ndani ya sufuria unaponisikiliza: majani ya chai.

Najua utaniuliza, "Sista, chai nayo inahitaji mafunzo? Tumeipika tangu tukiwa wasichana." Ni kweli, na wengi wenu mnaipika vizuri kunishinda. Chai yenyewe si adui. Lakini karibu kila wiki napima mtoto mwenye upungufu wa damu, na nikimuuliza mama anakula nini asubuhi, jibu ni "chai na mkate". Kwa hiyo leo tutatoka sokoni, tupite kabatini, tufike jikoni, halafu tukae hapo kidogo tuulizane nani anakunywa chai hii na saa ngapi.

Sisi wa Nairobi tuna bahati. Ukipanda matatu mjini, ukapita Westlands, Kangemi na Uthiru ukiendelea juu, hutafika mbali kabla hujaanza kuona mashamba ya chai ya Limuru. Ni huko Limuru chai ilikopandwa mara ya kwanza nchini, mwaka 1903. Miaka hiyo ilikuwa mali ya walowezi. Mkulima mdogo alikuja kupata nafasi yake baadaye, hasa baada ya KTDA kuundwa mwaka 1964. Kwa hiyo majani unayonunua dukani huenda yalichumwa na mama kama wewe, mwenye shamba dogo na kikapu mgongoni.

Kiwandani majani hukatwakatwa na kusagwa na mashine zenye meno, yakaachwa yageuke rangi, kisha yakakaushwa na kuchekechwa. Kuchekecha ndiko kunakotoa madaraja. Chembe kubwa huitwa BP1, zinazofuata PF1, halafu PD, na laini kabisa huitwa D1, yaani vumbi. Usiogope neno hilo vumbi. Si uchafu uliofagiliwa sakafuni kama wengine wanavyosema. Ni chembe ndogo za majani mazuri, na kwa kuwa ni ndogo hutoa rangi haraka. Hoteli nyingi za River Road hupenda aina hiyo kwa sababu kijiko kimoja kinapaka rangi sufuria nzima. Daraja za chini ni zile zenye nyuzinyuzi nyingi za vijiti. Hazina sumu, lakini ladha yake ni hafifu, na mtu hutia vijiko vitatu pale ambapo kimoja kingetosha. Basi urahisi wa bei umekwenda wapi?

Ukinunua paketi, ishike na uisome. Tazama jina la aliyepakia na mahali alipo, tarehe ya kupakiwa na ya mwisho wa matumizi, na alama ya ubora ya KEBS. Chini ya alama hiyo pana namba. Unaweza kuituma kwa ujumbe mfupi kwenda 20023, ukajibiwa namba hiyo ilitolewa kwa bidhaa gani na ya nani. Bonyeza paketi kidogo kwa vidole. Kama hewa inatoka pembeni, irudishe. Kama iliwekwa rafuni karibu na sabuni ya unga au dawa ya mbu, tafuta nyingine, maana majani ya chai hunyonya harufu kama sponji.

Wengine hununua majani ya kupimiwa kutoka kwenye gunia, huko Nyamakima, Kawangware au soko la Kangemi. Sikatazi, kwa sababu najua bajeti. Lakini usinunue bila kunusa. Chota kidogo kiganjani, pulizia pumzi yenye joto, kisha nusa. Majani mazuri yananukia chai. Yaliyochacha yananukia gunia, na yenye ukungu yananukia kama nguo iliyokunjwa ikiwa mbichi. Rangi iwe nyeusi inayoelekea hudhurungi. Yakiwa ya kijivu na mepesi kama majivu, yamekaa sana.

Kuna majaribio mawili unayoweza kuyafanya nyumbani. La kwanza: chukua karatasi nyeupe ya kufutia, nyunyizia majani kidogo juu yake, uilowanishe kwa maji baridi, kisha umwage yale majani. Chai halisi huacha doa hafifu linalokuja polepole. Iliyotiwa rangi ya kupaka huacha michirizi mikali mara moja. La pili: chukua sumaku, hata ile iliyotoka kwenye spika ya redio iliyokufa, uipitishe juu ya majani yaliyotandazwa kwenye sahani. Zile mashine za meno ni za chuma na huchakaa, na ndiyo maana viwanda vizuri vina sumaku zao za kuondoa mabaki hayo. Sumaku yako ikitoka na ndevu nyingi za vumbi jeusi, chai hiyo haikusafishwa vizuri. Na tafadhali msiniambie kwamba hicho ndicho chuma cha kuongeza damu. Hicho ni uchafu tu.

Sasa umefika nyumbani. Unaiweka wapi?

Chai ina maadui watano: unyevu, hewa, mwanga, joto na harufu. Wote watano wanaishi jikoni kwako. Nyumba ya mabati huku Kawangware, mwezi wa Julai, inapata joto la jiko jioni, na ikifika alfajiri mabati yanadondosha maji. Paketi iliyoachwa wazi kwenye rafu inalowa bila wewe kujua. Iweke majani kwenye mkebe wa bati wenye kifuniko kinachobana, au chupa iliyofungwa vizuri ukaitia mahali pa giza. Mkebe wa rangi haufai hata ukiuosha, na chupa iliyowahi kutiwa mafuta ya taa haifai milele. Usiuweke juu ya jiko wala karibu na omena. Friji nayo haifai, kwa maana kila ukitoa mkebe mle ndani hewa yenye joto inaacha umande juu ya majani.

Kijiko kiwe kikavu. Hili ni dogo lakini ndilo linaloharibu chai katika nyumba nyingi. Mtu anakoroga sufuria, kisha anachota majani kwa kijiko kile kile. Baada ya siku chache yanashikana, halafu yanaota kitu cheupe au cha kijani. Ukiona hivyo, tupa yote. Usiyaanike juani ukarudia kuyatumia. Jua linakausha ukungu, lakini sumu ambazo aina nyingine za ukungu huacha nyuma haziondoki kwa kuanikwa, wala kwa kuchemshwa.

Nunua kiasi utakachomaliza kwa mwezi au miezi miwili. Paketi kubwa ya kilo ina faida kwa nyumba yenye watu kumi. Kwa watu wanne, nusu ya mwisho itakuwa imepoteza ladha.

Hapo kuna swali ambalo nimeulizwa na akina mama wanaofanya kazi za nyumbani Kilimani na Lavington. Wanasema, "Sista, mbona kwa mwajiri wangu Mchina chai inawekwa miaka kumi na inazidi kuwa ghali? Mbona sisi tunaambiwa tuimalize upesi?" Ni swali zuri. Chai hiyo inaitwa puerh, inatoka mkoa wa Yunnan kusini magharibi mwa Uchina. Majani yake hukaushwa kwa namna ambayo haiyamalizi, yakagandamizwa kwa mvuke yawe duara kama chapati nene, au kipande kama mche wa sabuni. Ndani ya kile kipande vijidudu vidogo visivyo na madhara vinaendelea kufanya kazi polepole, kama katika maziwa yanayogandishwa, na ladha inabadilika mwaka hadi mwaka. Iko nyingine inayoharakishwa kiwandani kwa kurundikwa na kuloweshwa kwa wiki kadhaa. Njia hiyo ilianzishwa Kunming mwaka 1973. Chai yetu nyeusi ni tofauti. Ilimaliza mabadiliko yake kiwandani kabla haijakaushwa, kwa hiyo kadiri inavyokaa inapungua tu. Usiweke paketi ya Kericho miaka kumi ukitegemea itakuwa mali.

Ukipewa zawadi ya kipande cha hiyo chai ya kale, au ukiambiwa uitunze kwa mwajiri, ifunge kwa karatasi na uiweke pakavu penye hewa kidogo, mbali na viungo na sabuni. Haipendi kubanwa kwenye mfuko wa plastiki, wala haipendi bafuni, wala friji. Unga mweupe au wa kijani unaoota manyoya ni ukungu mbaya hata kwa chai hiyo. Ya duka ukiinunua, ununue kwa mtu anayeweza kukuambia ilitoka wapi na iliwekwaje, maana mwaka ulioandikwa kwenye karatasi ni rahisi sana kuuchapisha. Kuipika, unamega kipande kidogo kwa ncha ya kisu butu, unakimwagia maji yanayochemka na kuyamwaga mara moja ili kutoa vumbi, kisha unatia maji mengine yanayochemka na kuacha muda mfupi. Majani yale yale hutiwa maji tena mara kadhaa. Haitiwi maziwa.

Wanaoiuza mara nyingi husema inapunguza mwili, inasafisha damu, inaondoa sukari. Mimi ninakuomba usiache dawa yako ya sukari wala ya presha kwa ajili yake. Ni chai. Ina kafeini, ina tanini, na tutakayoyasema hivi punde juu ya mtoto na mama mjamzito yanaihusu pia. Vivyo hivyo ile chai yetu ya zambarau, aina iliyotolewa na watafiti wa Kericho mwaka 2011, ambayo siku hizi huuzwa kwenye maduka makubwa. Ni nzuri, lakini si dawa ya hospitali.

Haya, tuwashe jiko. Kama ni la makaa, liwashe nje, na hata likishika usilitie ndani ya chumba kilichofungwa madirisha. Baridi ya Julai imepoteza familia nzima usingizini kwa sababu ya hewa ile isiyo na harufu.

Maji yawe safi, na yawe mapya, si yale yaliyolala ndani ya sufuria tangu jana. Huku magharibi mwa jiji, Dagoretti, Kawangware na Uthiru, wengi wetu tunatumia maji ya visima virefu vilivyochimbwa kwa mashine. Baadhi ya visima vya Nairobi vina floridi nyingi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita, na floridi ikizidi hutia meno ya mtoto madoa ya kahawia wakati bado yanaumbika ndani ya ufizi. Majani ya chai nayo yana floridi yake. Kuchemsha hakuiondoi. Maji yakipungua sufuriani, yenyewe inabaki pale pale. Kwa hiyo kama kisima chenu kinajulikana kwa kutia watoto madoa, maji ya mvua au ya bomba ya jiji yawe ya watoto, na ya kisima yawe ya kufua.

Kipimo ni kijiko kidogo kimoja cha majani kwa kikombe. Watu wengi huchemsha maji, maziwa na majani pamoja mpaka yatokote kwa robo saa, wakisema ndiyo chai iive. Chai haiivi kama maharagwe. Ndani ya dakika tatu hadi tano majani yameshatoa rangi, harufu na kafeini. Baada ya hapo kinachoendelea kutoka kwa wingi ni tanini, kile kitu kinachokausha ulimi na kupaka kikombe rangi isiyotoka. Mtu akiionja inakwaruza, anatia sukari kijiko cha tatu ili aizibe. Ukiipika kwa muda mfupi utashangaa jinsi sukari inavyopungua yenyewe.

Maziwa ya kupima, ya kibanda au ya mashine, yachemshe kwanza mpaka yafure, kisha tia majani, acha itokote dakika chache, epua, funika, chuja. Ya pakiti nayo yatokote, maana hujui yalikaa juani kwa muda gani kabla ya kufika dukani. Majani yaliyochujwa usiyaache sufuriani uyapike tena jioni. Yatie kwenye mboga zako za guniani, yatafaa huko.

Chai ya maziwa iliyobaki usiiache vuguvugu kutwa nzima. Chupa ya chai nzuri huihifadhi ikiwa moto. Ile iliyochoka hufanya vuguvugu, na vuguvugu ni mahali vijidudu vinapopenda kuzaana. Ukimimina na haitoi mvuke, na ilikuwa ndani tangu asubuhi, usimpe mtu. Na kizibo cha chupa hiyo, kifungue ukioshe ndani. Nimeona vizibo ambavyo nikivieleza hapa hutakunywa chai leo.

Sasa tufike kwenye jambo lililonileta.

Nitawaeleza mtoto mmoja, bila jina. Alikuwa na miezi 11, wa kike, aliletwa kwa kikohozi cha kawaida tu. Mama yake alikuwa msafi, na mtoto alikuwa na uzito usio mbaya. Lakini nilipofungua kiganja chake kilikuwa cheupe kama karatasi, na ndani ya kope hakukuwa na ule wekundu unaotarajiwa. Tulipima damu, ikasoma 7.8. Tulitafuta malaria, hakuna. Minyoo, hakuna. Nikauliza chakula. Mama anatoka nyumbani saa kumi na moja kwenda kazini, mtoto anabaki kwa jirani anayelea watoto. Asubuhi chupa ya chai ya maziwa, saa nne chupa nyingine na kipande cha mkate, mchana wali na supu ya maharagwe na chai ya kuteremshia, jioni titi. Mama yule alikuwa akilipa pesa za maziwa kila siku. Aliamini kabisa kwamba mtoto anakunywa maziwa.

Kilichotokea ni hiki. Mtoto huzaliwa na akiba ya madini ya chuma aliyopewa na mama yake tumboni. Akiba hiyo inaanza kuisha karibu miezi sita, wakati ule ule anapokua kwa kasi na kutengeneza damu nyingi. Kuanzia hapo lazima chuma kitoke kwenye chakula. Sasa ile tanini ya chai, ikikutana tumboni na chuma kilichotoka kwenye maharagwe, ndengu, terere au unga wa wimbi, hukishika na kukifunga. Mwili hauwezi kukifyonza tena. Kinapita na kutoka na choo. Chai ikinywewa pamoja na chakula cha mimea inaweza kuondoa zaidi ya nusu ya chuma ambacho mwili ungepata. Chuma cha nyama, maini na samaki hakifungwi kwa urahisi hivyo, lakini ni nyumba ngapi hula nyama kila siku? Kutia maziwa hakuondoi shida hii. Na tumbo la mtoto ni dogo kama ngumi yake. Likijaa chai, uji hauna pa kukaa.

Mtoto mwenye damu kidogo halii sana. Ndiyo hatari yake. Anakuwa mtulivu, analala sana, hachezi, na watu wanamsifu kuwa ana tabia nzuri. Anachelewa kutambaa, anachelewa kusema, anashikwa na maradhi mara kwa mara. Miaka hii miwili ya kwanza ndiyo ubongo unapojengwa, na chuma ni mojawapo ya vifaa vyake.

Basi tusikilizane vizuri. Mtoto aliye chini ya miezi sita ni titi peke yake: si chai, si maji, si maji ya tangawizi, si glukosi. Kuanzia miezi sita hadi miaka miwili apewe titi na vyakula, na akiwa na kiu, maji yaliyochemshwa. Asipewe chai ya majani, hata ile nyepesi, hata ya maziwa, na sukari asitiwe. Kama una pesa ya maziwa, mpikie uji wake uyatie humo, au umpe yakiwa yamechemshwa kwa kikombe. Chupa ya kunyonyea weka kando kabisa, ni ngumu kuosha na huleta kuhara. Wa miaka mitatu, minne, mitano, uji asubuhi ndio chakula. Akililia chai kwa sababu anawaona wakubwa, mpe maziwa yenye harufu ya mchaichai au tangawizi. Hayo hayana majani wala kafeini, na ukiyatia kwenye kikombe kama chako hatagombana nawe.

Yule mtoto tulimpa dawa ya maji ya kuongeza chuma, na jirani anayewalea tukamwita tukazungumza naye kwa upole, kwa sababu hakuwa na nia mbaya. Tulipanga uji wa wimbi asubuhi, maharagwe yaliyopondwa na terere mchana, maini kidogo mara moja kwa wiki, na kipande cha chungwa au nyanya kila mlo. Machungwa, nyanya, limau na pilipili hoho vina vitamini C, inayosaidia mwili kufyonza chuma. Baada ya miezi miwili damu ilisoma 10.6. Mama aliniambia, "Sista, siku hizi anavuta vitu mezani." Nilifurahi kusikia malalamiko hayo.

Mama mjamzito, nawe sikia. Pale kliniki unapewa bila malipo kidonge kimoja cha kila siku, chenye miligramu 60 za chuma pamoja na asidi ya foliki. Wengi wenu mnakimeza na chai ya asubuhi kwa sababu kinachefua. Ukifanya hivyo umekimeza na kufuli yake. Kimeze kwa maji, au kwa maji ya chungwa, na ikikusumbua kimeze usiku ukienda kulala. Chai iwe saa moja au mbili kabla au baada. Choo kikiwa cheusi usishtuke, ni chuma hicho. Kafeini nayo, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2016 kwamba mjamzito anayetumia zaidi ya miligramu 300 kwa siku apunguze. Vikombe viwili vya chai isiyo kali havikufikishi huko, ila tu kama huongezi kahawa na soda za kola. Na ukijiona unatamani odowa, yale mawe laini yanayouzwa sokoni, usione haya kuniambia. Mara nyingi ni mwili unaotuambia damu imepungua. Mawe yenyewe hayaongezi chochote, tena yanaweza kuleta minyoo.

Sisi wakubwa wengine tunaweza kuendelea kunywa. Hila ni saa tu. Usinywe chai na ugali na sukuma. Kula, maliza, pumzika angalau saa moja, kisha unywe chai yako kwa starehe. Msichana wa darasa la nane anayepata hedhi nyingi, mpangie hivyo hivyo.

Jambo la mwisho ni moto. Chai ni mojawapo ya vitu vinavyounguza watoto wengi wadogo majumbani. Mtoto anayejifunza kusimama hushika kitambaa cha meza, au anavuta mkono wa sufuria. Kikombe cha chai iliyotoka jikoni kinatosha kuchuna ngozi ya kifua kizima cha mtoto wa mwaka mmoja. Usinywe chai moto ukiwa umempakata. Sufuria iweke mkono wake uelekee ukutani, chupa ya chai isikae sakafuni. Akiungua, mvue nguo kama haijashikana na ngozi, mwagilia maji baridi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Huna bomba? Mimina kwa jagi polepole, jirani aendelee kukuletea. Usipake dawa ya meno, unga, mafuta, mayai wala asali, na barafu pia usitumie. Funika kwa kitambaa safi kilicholowa kidogo, mfunike mwili uliobaki apate joto, mpeleke hospitali. Ikiwa ni uso, mikono, sehemu za siri, au ni pakubwa kuliko kiganja chake, usingoje kuona kama itapona.

Na leo jioni mtoto wako akiwa macho, mpeleke penye mwanga. Fungua kiganja chake ukiweke kando ya chako, kisha ushushe kope yake ya chini kwa kidole. Ukiona pameparara, mlete kliniki yoyote ya kata au zahanati iliyo karibu, asubuhi, pamoja na kile kijitabu chake cha afya ya mama na mtoto. Kupima damu ni tone moja la kidoleni. Njoo naye akiwa amekunywa uji.